Meza ya Kurudishia Vitabu

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya vitabu, na haya yalianza Jumanne, tarehe tatu Machi, saa nne na robo asubuhi, alipoingia humo kuikagua. Aliitwa Mzee Ambilikile, mkulima wa chai aliyestaafu. Aliwajengea watu wa tarafa yake nyumba hiyo, akaweka ndani vitabu elfu nne mia tatu kumi na sita, vikiwamo vya mkewe, akaajiri mkutubi na mlinzi.

Mkutubi alikuwa Tusekile, binti aliyeisomea kazi hiyo chuo kikuu miaka mitatu. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huo, na kwa wiki tatu alikuwa halali vizuri.

Karibu na mlango palikuwa na meza, na juu yake kibao: Usirudishe kitabu kwenye rafu, kiache hapa. Wasomaji walitii. Kila siku saa kumi na mbili alfajiri, kabla mtu yeyote hajafika, Tusekile aliimaliza meza ile, akirudisha kila kitabu rafuni kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwake. Hakutaka mtu akute meza imejaa. Aliona ni aibu, kama kukaribisha wageni vyombo vikiwa havijaoshwa.

Basi Mzee alikuta meza tupu, rafu zimenyooka na binti ameketi. Akamtazama mlinzi, ambaye alikuwa amesimama.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "vitabu havina miguu. Mlinzi anatosha."

Tusekile alifungua kinywa ajieleze, akaona rafu zile nadhifu zinamshuhudia vibaya, akainamia daftari lake. Mwisho wa mwezi aliondoka. Kazi aliyosomea aliitafuta miezi miwili, barua kumi na moja, jibu moja tu, nalo la kukataliwa. Akashika kibarua cha kupima majani ya chai kwenye mizani ya kijiji.

Meza ikajaa bila wa kuipunguza, na wasomaji sasa walirudisha vitabu wenyewe, kila mmoja palipo na nafasi. Hawakuwa na nia mbaya. Cha mifugo kiliingia kati ya tenzi, cha sheria nyuma ya kamusi. Kila Ijumaa mlinzi alihesabu: elfu nne mia tatu kumi na sita. Hakuna kilichoibwa. Polepole watu wakaacha kuja, kwa kuwa walichokitaka kilikuwamo na hakikupatikana.

Mwezi wa Septemba mke wa Mzee aliugua, na waganga wakasema hatapona. Akaomba aletewe kitabu chake cha nyimbo za kanisani, maana ndani yake alikuwa ametia alama nyimbo anazotaka aimbiwe siku ya kuzikwa, na alitaka kuzisikia angali hai. Mzee na mlinzi walitafuta siku tatu. Mlinzi aliapa kwamba kitabu hakijatoka mlangoni, na alisema kweli.

Jioni ya siku ya tatu Mzee alikwenda kwenye mizani, akasimama kwenye foleni nyuma ya wanawake wenye vikapu.

"Mzee, na wewe umekuja kupimwa?" mmoja akamtania. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Zamu yake ilipofika alimweleza Tusekile habari yote, kisha akasema, "Nitafutie hicho kimoja tu."

Tusekile alikuwa amechoka, mikono inanuka majani mabichi. Akasema, "Baba, kimoja hakitafutwi peke yake, mpaka vyote virudi mahali pake. Na kosa si lako tu. Nilifanya kazi ukiwa umelala."

Nanyi mnaonisikiliza, kazi yenu mnaifanya saa ngapi?

Kesho yake, saa kumi na mbili, Tusekile alifika kama zamani, lakini hakuingia peke yake. Alimngoja Mzee aje na ufunguo. Akafungua milango na madirisha yote, akaivuta meza ile hadi katikati ya chumba, akashusha vitabu kumi na viwili vya rafu ya kwanza, akamjaza Mzee mikononi. Mzee akasimama navyo, hajui aanzie wapi. Ndipo Tusekile akakishika cha juu, akasoma namba yake kwa sauti, polepole, ili naye aisikie.