Mdudu Mwekundu wa Bi Zuwena

Usimponde mdudu kabla hujajua anakula nini. Mmeisikia leo, mkauliza imetoka wapi. Basi ilianza hivi.

Bi Zuwena wa Unguja alikuwa na vyungu tisa vya asumini ukumbini kwake, chini ya madirisha. Bibi harusi gani wa mtaa ule hakuvaa kifuani kikuba, kishada cha maua yake?

Mwanawe akamwoa Raya, binti wa mkulima wa Donge, naye akaja na chungu cha mrehani kutoka kwao. Akakiweka katikati ya asumini. Hakujua kwamba chini ya majani wamejificha vidukari, wadudu wa kijani wadogo kama ufuta, wafyonzao utomvu. Haukupita muda, asumini zote zikanata, majani yakajikunja, vitumba vikapukutika. Na harusi ya Nasra, kitindamimba wa Bi Zuwena, ilibakiza mwezi mmoja.

Bi Zuwena akapaka chungu kimoja mafuta ya taa. Mmea ukaungua.

"Balaa hili limeingia na wewe," alimwambia mkwewe.

Raya akainamisha kichwa. Lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana lilimchoma.

Akaenda kwao, akarudi na kopo la wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, aliowaokota kwenye kunde za babake. Mmoja akamponyoka. Bi Zuwena akamponda kwa kiatu.

"Wadudu juu ya wadudu! Unataka kunimaliza?"

"Mama, usimponde!" Raya alishtushwa na sauti yake mwenyewe. "Unajua anakula nini?"

"Si majani, kama wenziwe?"

"Huyu hagusi jani. Nipe chungu kimoja tu, kile kilichoharibika kuliko vyote. Kikifa, usinisamehe."

Bi Zuwena akamsogezea chungu kwa mguu. "Haya. Kimoja."

Raya akaosha majani kwa maji, juu na chini, akawaachia wadudu wake, akakifunika chungu kwa kipande cha chandarua wasitoroke. Siku ya tatu Bi Zuwena akavaa miwani, akachungulia.

"Raya, njoo! Anamla! Anamtafuna kidukari mzima mzima!"

Alasiri hiyohiyo alijitanda kanga, wakafuatana mpaka Donge kuokota wengine. Tangu hapo, kila chungu kipya kilikaa barazani peke yake wiki tatu, kikikaguliwa chini ya majani, kabla ya kukanyaga ukumbi. Na vyungu viliachiwa nafasi, hewa ipite.

Siku ya harusi asumini zilichanua hata nyumba ikanukia mpaka njiani. Nasra alitoka na kikuba kifuani, vigelegele vikapasua anga. Mara jirani mmoja akaona kidudu chekundu begani kwa bibi harusi, akanyanyua mkono akipige.

Bi Zuwena akaudaka mkono ule hewani. Kwa mkono wa pili alimvuta Raya mbele ya watu.

"Nimefunzwa na mwanangu huyu," alisema, kila mtu akasikia. "Usimponde mdudu kabla hujajua anakula nini."