Chungu Chenye Kitovu

Nikisema "Ilikuwapo", ninyi mseme "Ikawa". Na mseme kwa sauti, maana masikio yangu si ya mwaka huu.

Ilikuwapo!

Ikawa!

Ilikuwapo milima, ukungu ukakaa juu ya milima, watu wakakaa chini ya ukungu. Barabara haikuwapo, kengele ya shule haikuwapo, na mtu akitaka kujua saa alitazama kivuli cha mgomba. Makande yako motoni na maharage bado ni magumu, kwa hiyo muda tunao. Zihirwa, chochea moto, halafu kaa. Si hapo, unaziba mwanga.

Basi katika milima hiyo bibi yangu Namkunda alikuwa anakanyaga udongo wa vyungu. Anakanyaga, anageuza, anatoa kijiwe, anakitupa. Anakanyaga, anageuza, anatoa kijiwe, anakitupa. Udongo ulikuwa umempanda mpaka magotini. Ndipo mshenga akafika, akasimama pembeni asichafue miguu.

"Hodi hapa."

"Karibu. Mkono sikupi, una udongo. Sema tu."

"Nimetumwa na upande wa mume."

Bibi harusi alikuwa mama yangu mzazi, Nakiete, binti wa mwisho wa Namkunda. Siku ilikuwa imepangwa. Miwa ya kutengenezea pombe ilikuwa imekatwa, ndizi zimewekwa, hata kuni zimepasuliwa.

"Wazee wamekaa," mshenga akasema. "Beberu wa mjomba yupo, amenona, amefungwa. Wanauliza, kamba yake atashika nani?"

Namkunda akaendelea kukanyaga.

"Huna kaka, Mama Nakiete. Huna baba, huna ukoo. Watu wanasema ulizaliwa na chungu. Sasa chungu kitashikaje kamba?"

Msicheke. Haya, chekeni kidogo, mama yangu naye alicheka alipozeeka. Lakini siku ile hakucheka. Enzi zile binti hakutoka nyumbani mpaka kaka wa mama yake ashike kamba ya beberu mbele ya watu. Asipoishika, binti huyo ni kama kitu kilichookotwa njiani, na watoto wake vilevile. Maana yake mimi. Maana yake ninyi nyote mliokaa hapo mnajikuna.

"Wamesema lini?" Namkunda akauliza.

"Mwezi ukiandama. Pasipokuwa na mjomba, watachukua beberu wao na kijana wao waende kwingine." Mshenga akashusha sauti. "Lakini mimi nakuonea huruma, mama. Tafuta mzee yeyote, mpe pombe, mpe shuka safi, aitwe mjomba siku moja. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe nyamaza tu."

"Nimenyamaza miaka mingi. Mjomba wa kuazima simtaki."

Akamaliza udongo wake wote, hakuacha hata bonge moja. Ndipo akanawa miguu.

Sasa sikieni habari ya chungu chenyewe. Namkunda alipokuwa mtoto wa kama miaka mitatu, uliingia mwaka wa njaa. Mzee mmoja wa milimani, Kirumbi, alishuka sokoni na unga wa ndizi, akabadilisha na chungu kikubwa cha kutengenezea pombe. Wakakibeba yeye na mdogo wake, kwa mti mabegani, wakapanda nacho mlima kutwa nzima. Mdogo mtu akasema, "Kaka, chungu hiki kizito." Kirumbi akasema, "Udongo mzuri huo." Wakapanda. "Kaka, kizito mno." "Udongo mzuri huo, panda!" Walipokitua uani, udongo mzuri ukapiga chafya.

Ndani alikuwamo mtoto. Alijua jina lake Namkunda, alijua kuomba maji, basi. Kirumbi alirudi sokoni mara mbili na mtoto mgongoni. Hakumwona mtu wa kumuulizia, kila mtu alikuwa ametawanyika kutafuta chakula. Akamlea. Namkunda alipoolewa, na binti zake wakubwa walipoolewa, Kirumbi mwenyewe alishika kamba, na watu wakanyamaza kwa kumheshimu. Lakini sasa Kirumbi alikuwa amekufa, na heshima ilikuwa imekwenda naye.

Unasemaje, Mcha? Kwa nini hakuwatafuta ndugu zake zamani? Swali zuri. Alikuwa na watoto sita na shamba la mteremkoni. Awatafute saa ngapi? Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Nyingine alimwambia mama yangu peke yake. Mwaka ule wa njaa kuna watu waliacha watoto makusudi, penye moshi wa jikoni, ili wapate kula. Namkunda aliogopa kuwakuta ndugu zake wakamwambia, ndiyo, tulikuacha.

Lakini binti akawa anasubiri, na mwezi ukawa unapungua.

Chungu kile kikubwa kilikuwapo bado. Sasa, wanawake wa milimani kwetu walifinyanga chungu kwa kuanzia kitakoni, wakapanda juu mpaka mdomoni. Chungu cha Namkunda hakikufinyangwa hivyo. Aliyekifinyanga alianza na mdomo, akakiacha kikauke kidogo, akakipindua, akafunga kitako mwishoni. Ukitia mkono ndani, kule chini kabisa, unakuta kovu dogo pale tundu la mwisho lilipozibwa kwa kidole. Kama kitovu. Namkunda alijifundisha ufinyanzi kwa kupapasa chungu hicho, ndiyo maana hata vyake vilikuwa na kitovu. Wenzake walimcheka. "Namkunda anafinyanga kichwa chini miguu juu!"

Akamwambia mama yangu, "Chungu hakikujifinyanga chenyewe. Yupo aliyekifinyanga. Chukua kile kidogo nilichokichoma juzi, twende."

Wakashuka. Soko la kwanza lilikuwa la Mikwajuni. Namkunda akamwendea mfinyanzi, akampa kile chungu kidogo. Yule mama akakigeuza, akatia mkono, akapapasa, akatikisa kichwa.

"Sisi tunaanza na kitako, dada. Hiki kimefinyangwa na mlevi?"

"Nimekifinyanga mimi."

"Basi pole."

Wakalala kwa watu, wakaenda soko la Majani Mapana. Semeni nami. Mfinyanzi akakigeuza! Akatia mkono! Akapapasa! Akatikisa kichwa!

Hapo akatokea bwana mmoja ameegemea gogo la muuza pombe. Alikuwa amesikia kwamba pana mwanamke anatafuta kaka, na kwamba kaka atapewa beberu.

"Dada yangu!" akalia. "Dada yangu uliyepotea! Mama alikulilia!"

Mama yangu alitaka kumkumbatia, maana alikuwa amechoka kutembea. Namkunda akamshika mkono.

"Kama wewe ni kaka yangu," akasema, "niliachwa ndani ya kitu. Ndani ya nini?"

"Ndani ya chungu." Hilo soko zima lilikuwa limeshalisikia.

"Na ndani ya chungu mlikuwa mmeweka nini?"

Bwana akafikiri, akafikiri. "Pombe."

Soko zima likacheka. Maana Namkunda alikuwa na siri moja ambayo Kirumbi alimhifadhia, na alikuwa ameifunga kiunoni ndani ya kitambaa. Hakuna aliyeijua, hata mama yangu.

Soko la tatu lilikuwa mbali, kule nyikani, linaitwa Maji ya Chumvi. Walifika miguu imevimba. Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha. Palikuwa na mfinyanzi bibi kizee, meno mawili. Akakigeuza. Akatia mkono. Akapapasa.

Hakutikisa kichwa. Akaketi chini.

"Nani alikufundisha kuziba kwa gumba la kushoto?"

"Sikufundishwa. Nilifuata alama iliyokuwa kwenye chungu cha nyumbani."

"Huku kwetu sote tunaanza na mdomo," bibi kizee akasema, "na sote tunaziba kwa gumba la kulia. Aliyekuwa akitumia mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, Mghoye. Naye amekufa. Mwanawe yule pale, anayefunga kuni." Akaita, "Kangalu! Njoo hapa!"

Akaja mzee mrefu, kichwa cheupe, uso umekunjwa.

"Huyu anatafuta kaka," bibi kizee akasema.

"Anataka nini?" Kangalu akauliza. "Watu wakikumbuka ndugu, wana shida."

"Nina shida," Namkunda akasema. "Binti yangu anaolewa na hana mjomba. Lakini sichukui mtu yeyote. Nilichukuliwa ndani ya chungu, mwaka wa njaa. Kama unajua ndani yake mlikuwa na nini, sema. Kama hujui, endelea na kuni zako."

Kangalu akatua kuni.

"Majani makavu ya mgomba," akasema. "Na juu yake kipande cha ngozi ya mbuzi. Mbuzi mweusi, ana baka jeupe."

Namkunda akafungua kitambaa cha kiunoni. Kipande kilikuwa kimeliwa na wadudu, hakizidi kiganja. Cheusi, na baka jeupe pembeni.

Hakulia kwanza. Akauliza lile swali lake. "Mliniacha?"

"Mama alikulaza mle kwa sababu ya baridi ya ukungu," Kangalu akasema. "Akaenda kutafuta maji. Nikabaki mimi. Nilikuwa na miaka minane. Akina baba wakaanza kubadilishana na watu, huku na huku, haraka haraka, mvua inakuja. Mama aliporudi, baba akaniambia, Kangalu, hesabu tuone kama vyote vipo. Nikahesabu vyungu vilivyobaki. Sita. Nikasema, vyote vipo. Tukaondoka. Mama akadhani umebebwa na baba, baba akadhani umebebwa na mama." Akafuta pua kwa mkono. "Nilihesabu vyungu, dada. Watu sikuwahesabu."

"Na mama?"

"Alirudi soko lile kila siku ya soko mpaka mwaka aliokufa. Ikawa hata vyungu anasahau kuuza."

Kumbe alikuwa akija, na Kirumbi naye alikuja na mtoto mgongoni, wakapishana siku. Hivyo tu. Wakati huo ndipo Namkunda alipolia, na Kangalu akalia, na bibi kizee wa meno mawili akalia kuwazidi wote ingawa hayakumhusu. Mama yangu akawasubiri, halafu akasema, "Mjomba, shikamoo. Mwezi unaandama keshokutwa, na mlima ni mrefu."

"Binti yako ana mdomo," Kangalu akasema.

"Amechukua kwa bibi yake, nadhani," Namkunda akajibu, "lakini sikumwona, wewe ndiye utakayeniambia."

Wakapanda mlima. Kangalu hakuwahi kupanda mlima, akalalamika njia nzima, hewa haitoshi, mawe yanateleza, nani alijenga nyumba angani. Akawataja njiani wote waliokufa na walio hai, mama Mghoye binti wa Nakijwa, Nakijwa binti wa Nanzia, na kijiji cha kila mmoja, na nani alikuwa mkali, na nani aliweza kuimba. Namkunda akawarudia kila mmoja. Mpaka juu akawa amewashika wote. Mimi ninao, nitawafundisha kesho mkiwa hamjasinzia.

Mwezi ukaandama. Wazee wa upande wa mume wakaja na beberu, na mkuu wao akatazama huku na huku. "Haya, Mama Nakiete, kiko wapi chungu chetu kishike kamba?"

Kangalu akatoka ndani akiinama mlangoni, maana alikuwa mrefu kuliko nyumba. "Chungu kiko jikoni kinapika," akasema. "Kamba nipe mimi. Na huyu beberu mmesema amenona? Kwetu huyu tungemwita mgonjwa."

Wakacheka hata wale waliokuja kwa ugomvi. Akashika kamba, wazee wakapiga makofi, na Nakiete akaolewa. Ndiyo maana mimi nipo, na ninyi mpo, na hakuna kati yenu aliyeokotwa njiani, hata wewe Mcha, ingawa kaka zako wanakuambia hivyo.

Jioni yake makande yakaiva ndani ya chungu kile kikubwa. Namkunda akapakua. Watu walitaka kuanza, Kangalu akanyoosha mkono.

"Ngojeni. Nipeni upawa."

Akapita na mpini wa upawa akigusa vichwa, kimoja kimoja. Bibi harusi, mmoja. Mume wake, wawili. Watoto wa Namkunda, wakwe, wajukuu, mshenga ambaye hakuwa amealikwa. Thelathini na mbili. Mwisho akarudi penye chungu, akamgusa dada yake kichwani, taratibu.

"Thelathini na tatu," akasema. "Wote wapo. Vyungu sijahesabu."

Ndipo wakala.

Fundisho langu ni hilo, sina jingine. Mkiwa safarini, au sokoni, au mnahama, au mnajificha mvua, hesabuni watu kwanza, vyombo baadaye. Na majina ya waliowazaa yajueni, msingoje harusi.

Hadithi imepanda mlima, imefika mlangoni, imefuta miguu. Aliyeipokea aibebe, aliyesinzia aamke ale.

Maharage yamelainika. Zihirwa, leta sahani. Nipeni upawa. Kaeni mstari. Mmoja, wawili, watatu, Mcha tulia, wanne, watano, wa mgongoni wa sita. Mama yenu yuko wapi? Mwiteni, aache hizo nguo. Saba.

Na mimi, nane. Wote wapo. Kuleni.