Darubini Yenye Jicho Moja

Mbacha ni mkeka uliochakaa, wenye matundu na ncha zilizofumuka. Hauna sura, lakini ndio unaoulalia. Msala upitao ni mkeka mzuri ulio begani mwa mpita njia: unanukia upya, na kabla hujaukalia mwenyewe ameshakata kona nao. Anayetupa wa kwanza kwa kuutamani wa pili hulala chini. Hayo alikuja kuyajua binti mmoja mshonaji, tena aliyajua siku ambayo kujua hakukuwa na faida.

Binti huyo alikuwa mtoto wa mwisho, na nyumbani walimwita Kitinda. Kaka yake na mkewe walichukua vyumba viwili vya nyumba yao. Katika cha tatu vilibanana cherehani, kitanda cha Kitinda na kitanda cha baba yake. Mzee huyo alikuwa amelinda maghala kwa miaka mingi hata wenzake wakambandika jina la Bundi. Jina hilo hakulichukia. Alisema bundi ni ndege pekee anayelipwa kwa kukesha.

Alipostaafu aliachiwa darubini ya macho mawili aliyokuwa akitazamia uzio. Ilikuwa imewahi kuanguka, mrija wa kushoto ukafa, wa kulia ukabaki mzima. Kwa mrija huo Kitinda alifundishwa mwezi tangu utotoni, na Kilimia, vile vinyota vilivyosongamana kama vifaranga. Alisimuliwa pia habari za Zohali, nyota inayovaa pete. Pete yenyewe mzee hakuwahi kuiona, kwani darubini yake haikufika huko.

Kisha presha ya macho ikamvamia. Jicho la kushoto lilizimika kwanza. Daktari akasema la kulia linafuata pole pole, kama taa inayoishiwa mafuta, na dawa itachelewesha tu. Mzee hakulia. Alisema ni bahati jicho lililobaki liko upande ule ule wa mrija uliobaki, kwa hiyo yeye na darubini yake sasa ni mapacha. Kila mwezi ulipokuwapo, jua likizama tu, alinyoosha mkono msumarini ilipotundikwa, akatoka uani, akaegemeza viwiko juu ya pipa la maji na kutazama. Alipenda zaidi mwezi wa nusu. Pale mwanga unapokutana na giza aliona vilele vidogo vya milima, akaviita meno ya msumeno.

Mke wa kaka alikuwa na ulimi mwepesi. Jioni moja, akianua nguo, alisema, "Wifi, leo chongo kampata chongo mwenzake. Wakifunga ndoa mtuambie mapema tuchange."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kitinda hakucheka. Maneno yale yalimchoma kama pasi ya makaa. Aliitazama ile darubini, kamba yake imefungwa kwa uzi wa cherehani, akaiona kwa mara ya kwanza kama wengine walivyoiona. Akaapa moyoni kwamba baba yake hatafumba jicho kabla ya kuiona pete ya Zohali.

Alidunduliza ujira wa sare za shule, akala mara moja kwa siku. Alipoona fedha imetosha, aliibeba darubini hadi kwa fundi miwani kuuliza kama mrija uliokufa hufufuka. Fundi aliichungulia, akaipuliza vumbi, akasema hapana. Lakini ule mzima una kioo safi, kipana, na asithubutu kuuachia. Akamshauri anunue miguu mitatu imara ya kuishikilia, ili mikono ya mzee isitetemeke, na fedha itakayobaki aiweke. Kitinda akamwambia habari za Zohali. Fundi akatikisa kichwa.

"Sikiliza, dada. Ukikuza sana, unaugawa mwanga. Ni uji wa watu wawili kutiwa maji wanywe watu ishirini. Jicho linalozimika linataka mwanga, halitaki ukubwa. Na siku ukinunua nyingine, tazama upana wa kioo cha mbele na uimara wa miguu. Namba iliyoandikwa kwenye boksi iache hapo hapo kwenye boksi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la saa na kamera, na dirishani limesimama boksi lenye picha ya Zohali, pete zake zimepakwa rangi za dhahabu. Muuzaji alimkaribisha kwa tabasamu la kumtoa nyoka pangoni. Alieleza kwamba darubini ile inakuza mara mia sita. Akaipokea ya mzee, akaigeuza, akasoma kilichoandikwa.

"Hii yako inakuza mara saba. Saba na mia sita, dada yangu. Hata mtoto wa chekechea anajua kubwa ni ipi."

Fedha ya Kitinda ilipungua kidogo. Muuzaji, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, akasema kile kichongo kitajazia pengo. Kitinda alisita, kidole kwenye kamba ile ya uzi. Kisha akakiachia.

Jioni ile mwezi ulikuwa juu. Mzee alinyoosha mkono kama kawaida, akapapasa msumari mtupu. Aliuliza kama darubini imepelekwa kwa fundi. Kitinda akamshika mkono, akamweleza kila kitu kwa furaha, akamwekea boksi magotini. Mzee alilipapasa pande zote. Akashukuru, tena kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Uani, miguu ya darubini mpya ilitetemeka kama ndama aliyezaliwa leo. Zohali ilipochomoza Kitinda aliifukuza kwa mrija. Kila alipoinasa ikaruka nje kama panzi, na hata pale ilipotulia ilikuwa ukungu usio na umbo. Wifi alisimama mlangoni na kuuliza kama hilo ni bomba la maji. Hatimaye Kitinda akauelekeza mrija kwenye mwezi, shabaha isiyokosekana, akamwita baba yake.

Mzee aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu, akibadilisha mkao, akipangusa jicho kwa kiganja.

"Ni giza, mwanangu," alisema. "Basi. Jicho limekwisha."

Aliingia ndani akajilaza, akageukia ukutani. Kitinda akaweka jicho lake mwenyewe, zima, la ujana. Aliona giza la chupa iliyofukizwa moshi, na katikati yake doa la kijivu linalotikisika. Kosa halikuwa la jicho la mzee. Alikimbia kumwambia, lakini mzee alimpapasa kichwa na kusema asijisumbue kumfariji.

Asubuhi alikuwa dukani kabla mlango haujafunguliwa. Muuzaji alimwonyesha kibao: kilichouzwa hakirudishwi. Na kile kichongo? Kilikuwa kimeshanunuliwa jana ile ile, na mpita njia aliyetaka kitu cha kumchezeshea mtoto wake. Hakumjua jina wala anakoishi. Kitinda alivuka barabara, akapita mbele ya fundi miwani akiwa ameinamisha uso, na fundi, aliyeona yote, hakumwita.

Alishona sare mpya, akaanza kudunduliza upya. Alidhani anashindana na fedha, kumbe alishindana na jicho. Lilikwenda mbio kuliko sindano. Mzee hakutoka tena uani, kwani aliamini hakuna cha kumtoa nje, na siku chache za mwanga zilizosalia alizimaliza akitazama ukuta. Asubuhi moja aliomba taa iwashwe, na jua lilikuwa limejaa chumbani. Wifi, aliyekuwa akifagia mlangoni, aliweka ufagio chini, akaja kukaa kitandani karibu na mkwewe. Tangu siku hiyo hakutania tena.

Jioni moja mzee mwenyewe aliomba apelekwe nje. Walimsimamisha karibu na pipa la maji. Aliegemeza viwiko pale pale pa zamani, uso wake kauinua.

"Mwezi upo?"

"Upo, baba. Wa nusu."

"Na meno ya msumeno, yapo leo?"

Kitinda alitazama juu. Aliona kipande cheupe, laini, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi mkali.

"Yapo, baba. Mengi."

Mzee akautafuta mkono wa bintiye juu ya pipa, akaufunika kwa wake.

"Kwa macho matupu hayaonekani, mwanangu," alisema.

Ndani, msumari ulikuwa ukutani bado, na chini yake boksi lenye picha ya pete za dhahabu, limejaa vumbi. Usiache mbachao kwa msala upitao.