Kaburi la Mzungu

Kifuniko cha sufuria kiligonga ti, ti, ti katika giza la alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika tena mtaani Mkuyuni, Mwanza, na Teodora alikuwa akiuangalia uji wa bintiye Favour kwa masikio tu. Mara simu yake ikamulika ukuta. Ulikuwa ujumbe wa baba yake mdogo, Jonathan, mwenyekiti wa ukoo. Alikuwa amewatumia wanaukoo wote picha ya kaburi lililojengewa vigae vyeupe, likimetameta kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Chini yake aliandika: "Kaburi la mwasisi wetu limekamilika. Mgeni wetu kutoka Norwei tunaye leo. Ndugu zangu, mwacha asili ni mtumwa!"

Teodora aliikodolea macho picha hiyo mpaka uji ukafurika juu ya makaa.

Wahenga waliponena kwamba mwacha asili ni mtumwa, walimaanisha kuwa anayekipa kisogo chanzo chake hujiuza mwenyewe. Huishi kwa jina la kuazima, akicheka anapochekewa na kununa anaponuniwa. Lakini ipo namna ya kuiacha asili iliyo mbaya kuliko zote, nayo ni kuikanyaga huku ukiimba kwamba unaitafuta.

Ukoo huu ulianzia kwa Haldor, fundi wa boti kutoka Norwei aliyefika kando ya Ziwa Viktoria enzi za mababu, na Kabula, msichana wa Kisukuma. Habari za Haldor zilivuma kama ngoma. Jonathan, mwenye duka la vipuri vya injini pale Nyamagana, alikesha mitandaoni akiwatafuta ndugu wa ng'ambo hadi akawapata. Habari za Kabula hakuna aliyezitafuta.

Teodora alizipata kwa sababu ya masomo ya jioni. Mwalimu alipowapa kazi ya kuandika historia za koo zao, alikwenda Buzuruga kwa Bibi Modesta, dada wa babu yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Alimwuliza juu ya Mzungu. Bikizee alisonya.

"Mzungu, Mzungu, kila mtu Mzungu! Yule alipanda meli akasema anakwenda kumwona mama yake. Mpaka leo bado anamwona! Aliyebaki ni bibi yangu Kabula. Alilima, akauza samaki, akakuza watoto peke yake. Mimi mwenyewe kanibeba mgongoni. Kaburi la Kayenze, hilo mnaloliita la Mzungu, ni lake. Hamlioni jiwe lake la kusagia pale kichwani?"

Katika ukoo wao, mwanamke alipozikwa, jiwe alilosagia nafaka liliwekwa kichwani pa kaburi, ili apitaye ajue kwamba hapo amelala mtu aliyelisha watu. Jiwe hilo lilikuwepo Kayenze tangu zamani, limelika katikati kama kiganja kilichokunjwa. Bibi Modesta alipofariki, Teodora alilipeleka neno lake kwenye kikao cha ukoo.

"Shikamooni wazee," alianza. "Kabla hatujajenga, naomba kuuliza. Tangu lini mwanaume akawekewa jiwe la kusagia?"

"Teodora," Jonathan alimkatiza, "wewe umeolewa. Ukoo wako uko kwa mumeo huko. Hapa umekuja kupika."

"Elimu ya usiku hiyo!" mzee mmoja akadakia. "Inasomwa gizani, inaona giza!"

Wakacheka hadi kukohoa. Teodora aliketi. Kwamba ameolewa! Kwani Kabula hakuwa mwanamke? Mbona wote hawa wenye makoti wametoka tumboni mwake? Tangu siku hiyo, kila alipomwogesha Favour, alimsimulia habari za Kabula, sabuni mkononi, taratibu, kama anayepanda mbegu. Wakubwa walikuwa wamejitia pamba masikioni. Mtoto alikuwa bado hajajifunza kujiziba.

Mchana wa siku ile ya picha, Teodora na Favour walipofika Kayenze, turubai lilikuwa limefungwa na nyama ilikuwa jikoni. Teodora alikwenda moja kwa moja kaburini. Kibao kilisomeka: HAPA AMELALA MZEE HALDOR, MWASISI WA UKOO. Jiwe la kusagia halikuwepo. Alitafuta nyuma ya banda, akatafuta kwenye kifusi cha mafundi. Kisha akaliona. Lilikuwa limebanwa chini ya tairi la nyuma la gari la Jonathan, lililoegeshwa kwenye mteremko.

"Nani kaliweka hili hapa?"

"Mimi," Jonathan alijibu, akirekebisha tai. "Breki ya mkono mbovu. Kwani shida nini? Mwanza nzima hii mawe, wewe umeliona hilo hilo?"

"Baba mdogo, hili ndilo lililomlisha babu yako!"

"Gari likitumbukia ziwani utalivua wewe? Nenda jikoni. Na leo nisisikie sauti yako mbele ya mgeni. Ukinitia aibu, usijihesabu tena mtoto wa marehemu kaka yangu."

Maneno hayo yalimchoma kama pilipili kwenye kidonda. Jonathan alipoondoka kwenda kumlaki mgeni barabarani, Teodora alibiringisha jiwe jingine kubwa, akalisukumiza nyuma ya tairi, kisha akalichomoa lile la Kabula. Alilifuta tope kwa kanga yake kama amfutavyo mwanawe uso, akalirudisha kichwani pa kaburi. Jonathan alipoliona tena, mgeni alikuwa amekwisha kushuka garini, naye hakuwa na la kufanya ila kuuma meno.

Mgeni mwenyewe alikuwa Mama Solveig, mjukuu wa kaka yake Haldor. Alipokewa kwa vigelegele. Favour akapewa shada la maua alishike, na mgeni akamshika mkono wa pili. Nathaniel, mwana wa Jonathan aliyezoea kutembeza watalii, akasimama kuwa mkalimani.

"Mama Solveig," Jonathan alinguruma, "kwa niaba ya ukoo, nakukabidhi kaburi la babu yetu sote, Haldor!"

Nathaniel akatafsiri. Mgeni akakitazama kibao, akamtazama Jonathan, akasema maneno machache. Nathaniel akamsogelea baba yake.

"Anasemaje?"

"Baba, anasema... labda tule kwanza."

"Tafsiri, bwana!"

"Anasema Haldor kazikwa kwao, kando ya kanisa. Yeye mwenyewe hupanda maua pale kila mwaka. Anasema hukuwahi kumwuliza habari za kaburi. Ulimwomba picha, ukamwuliza kama wana mashamba."

Mama Solveig aliinama, akapitisha kiganja kwenye lile bonde la jiwe, akauliza tena kwa sauti ya chini.

"Anauliza," Nathaniel alisema bila kuinua macho, "basi aliyelala hapa ni nani?"

Jonathan akawageukia wazee. Wazee wakatazama viatu vyao.

"Ni... mama fulani wa zamani," mmoja akanong'ona.

"Mama fulani!" Sauti ilimtoka Teodora kabla hajaizuia. "Mnamjua Haldor hadi mbwa wake kwenye picha! Huyu kawazaa, kawalisha, mmeling'oa jiwe lake mkalitia chini ya tairi, mmemwandika kaburini kwake jina la mume aliyemkimbia, halafu ni mama fulani? Mimi nimeolewa, si mlisema? Sina ukoo hapa. Haya, wenye ukoo, mtajeni!"

Hakuna aliyeweza. Walisimama mbele ya kaburi walilolijenga wenyewe, wamevaa vizuri, wakisubiri mgeni awaambie wao ni nani. Na anayesubiri kuambiwa na mgeni kuwa yeye ni nani, ana tofauti gani na yule anayepewa jina na bwana wake? Kweli mwacha asili ni mtumwa, hata akiwa na gari na tai shingoni.

Favour aliuachia mkono wa Mama Solveig, akaliweka lile shada juu ya jiwe la kusagia, akawageukia watu wazima wote.

"Hapa amelala Bibi Kabula."