Kona Isiyo na Marehemu

Nipeni masikio kwanza; hukumu mtanipa baadaye.

Katika barabara ya lami ipandayo Kwemzighe walifanya kazi watu watatu. Nasoro Mtoi, karani, hakusahau tarehe. Eliamini Mshana (wengi humwita Elimani, wanakosea) alikuwa na mkono ulioijua lami. Zaina Shekilindi, msafishaji wa mitaro, alizijua njia za maji.

Kabla ya masika, msimamizi wao Hiza Kaniki aliwauliza, "Mwaka huu barabara itakatikia wapi?"

Nasoro akajibu, "Maili sita za juu zilitiwa lami Julai 1961. Kwingine kote lami ni changa. Tafuteni kwenye hizo sita."

Eliamini akazitembea maili zile sita akichoma msumari. Lami yenye uhai humeza msumari. Iliyozeeka humeguka kama kashata. Akarudi na kona tatu.

Zaina akangoja mvua ya kwanza ipite, jua litoke. Kona mbili zikakauka upesi. Ya tatu ikabaki na mstari wa unyevu, maana maji yalikwisha kupenya kwenye nyufa.

"Ni hii," akasema.

Hiza akaifunga, magari yakapita njia ya zamani inayoizunguka kona hiyo. Wiki ya pili ya masika, saa tano asubuhi, kona yote ikaporomoka bondeni. Hapakuwa na mtu.

Basi, kule kona huitwa kwa jina la aliyefia hapo. Hii ilipojengwa upya, madereva wakataka iitwe kwa jina la aliyewaokoa. Kibao kilitosha jina moja.

"Bila tarehe yangu mngedonoa barabara nzima kama kuku," akasema Nasoro.

"Bwana Karani, ungezifunga maili sita?" akauliza Eliamini.

Zaina akacheka. "Nawe mtani wangu Mpare, ungefunga kona tatu, kabichi zituozee huku juu?"

"Na wewe dada," akarudisha Eliamini, "bila sisi ungekodolea macho kona ipi kati ya arobaini? Jua lingekukaushia zote kabla hujazimaliza."

Kisha akaacha mzaha. "Kona ya chini ina jina la kaka yangu. Nataka Mshana mmoja asomwe angali anapumua."

Mchoraji wa vibao alikwisha kupaka kibao rangi nyeupe, brashi mkononi, akawa anawatazama.

Haya, ninyi mliosikia: mngemwambia aandike jina la nani?