Uzi Usiofungwa

Zamani, kabla njia za milima hii hazijachongwa, waunga mifupa hawakumwuliza mgonjwa neno. Walimshika, wakamvuta, wakamfunga banzi. Aliyelia, alilia.

Aliyewazidi wote alikuwa Nakijwa. Alichonga mwanasesere wa mti, akamtia nyuzi za mgomba kutoka kila kidole hadi kichwani. "Mwili ndio huu," alizoea kusema. "Ukibana uzi kiwikoni, kidole kinalegea." Na kweli, mikono mingi iliyokufa ganzi aliiponya kwa kumtazama mwanasesere yule. Sifa zikamlevya.

Siku moja ya gulio alikuja Sengondo, mzee ambaye mguu wake ulisagwa na jiwe hata ukakatwa. Alisema vidole vya mguu ule vinamuuma, kama vimekunjwa. Nakijwa akakata uzi wa mguu wa mwanasesere, akauinua watu wauone.

"Baba, uzi haupo, mguu haupo. Maumivu umeyaweka wapi?"

Gulio zima likacheka. Sengondo aliokota gongo lake akaenda zake, na hakuonekana tena kilabuni wala msibani. Nani angemsikiliza mwongo?

Miaka miwili baadaye, Nakijwa akikata miwa, panga lilimwondolea kidole cha shahada. Kidonda kikapona, kidole kikaanza kuwasha. Kidole ambacho hakipo! Alivuta uzi huu, akavuta ule, mwanasesere hakumjibu. Akawa anajikuna hewani kwa siri, na aibu ikimchoma kuliko kile kidole.

Asubuhi moja alikuwa akijikuna hivyo mferejini, asijue kwamba Sengondo ameketi ng'ambo.

"Kinawasha wapi, mwanangu?"

Nakijwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuthubutu kumtazama usoni. Alinyoosha mkono, akaonyesha mahali patupu, na mzee akavuka kwa gongo lake, akapakuna pale pale, taratibu, bila kucheka.

Gulio lililofuata Nakijwa alisimama na Sengondo mbele ya watu wale wale. "Mwongo nilikuwa mimi," alisema. Kisha akapiga magoti, akasugua hewa chini ya goti la Sengondo. Mzee hakupona, lakini jioni hiyo alirudi kilabuni.

Na tangu siku hiyo, muunga mifupa wa milima hii huanza kwa kuuliza, "Unasikia wapi?" Mwanasesere bado hutundikwa mlangoni, maana husaidia. Ila uzi wake mmoja huachwa ukining'inia, haufungwi popote. Na mgonjwa akionyesha hewa, hewa hiyo husuguliwa.