Dole Gumba la Mzee Chande

Kuulizwa si kusikizwa. Mliisikia jana kikaoni mkadhani ni maneno ya kale. Si ya kale. Methali hii ilianza hivi, papa hapa mtaani kwetu, na aliyeizaa ni Bi Siwatu, mkunga mstaafu.

Nyumba yake ilitazamana na bustani ya mtaa. Bustani ilikuwa imechakaa: bembea zimebaki minyororo, majani yamefika magotini. Ilikuwa bondeni kidogo, na masika yakija, maji ya mtaa mzima yalipita ubavuni mwa nyumba ya Mzee Chande, yakaingia bustanini, yakateremkia mtoni. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote.

Siku moja wakaja watu wa mradi. Afisa wao, Bwana Mlelwa, alisema kwa upole, "Bustani ni yenu. Tumekuja kuwasikiliza."

Bi Siwatu aliamini. Akapita nyumba kwa nyumba kuwaita watu mkutanoni. Mzee Chande peke yake ndiye aliyekataa.

"Siwatu, hawa watauliza, kisha watafanya walilokuja nalo."

"Twende, Mzee. Usiponena leo, kesho utamlalamikia nani?"

Akaenda kwa kumstahi. Na alinena kuliko wote: "Fanyeni mpendavyo, ila upande wangu msijenge. Hapo ndipo maji yanapopita." Bwana Mlelwa akaandika. Watu wakapiga makofi. Wakati wa kutoka, kila aliyehudhuria alitia saini. Mzee Chande hakujua kuandika, hivyo Bi Siwatu akamshika mkono, akampaka wino, akamsaidia kubandika dole gumba.

Baada ya miezi minne bustani ilipendeza kweli. Bembea mpya, maua, njia za vigae. Na kuizunguka yote, ukuta wa mawe usio na hata tundu la panya. Bi Siwatu alikwenda kumlilia msimamizi wa mafundi, akajibiwa kwamba ramani ndivyo inavyosema. Akaandika barua. Haikujibiwa.

Masika yakaingia. Alasiri ya mvua ya pili, maji yalifika ukutani yakakosa pa kupita, yakajaa. Nyumba ya Mzee Chande ilikuwa ya udongo. Ililoa, ikamwangukia. Bi Siwatu alikuwa wa kwanza kufika, akafukua kwa mikono mitupu hadi kucha zikatoka damu. Mzee alitolewa hai. Siku ya tatu akafa.

Matanga yalipokwisha, Bi Siwatu akaenda ofisini kwa Bwana Mlelwa.

"Pole sana, mama," afisa akasema. "Lakini wananchi mlishirikishwa."

"Tulishirikishwa, tukawaambia msijenge pale!"

Bwana Mlelwa akafungua jalada. "Hizi hapa saini za walioridhia. Hii yako. Na marehemu mwenyewe, hili hapa dole lake."

"Lile lilikuwa la kuhudhuria."

"Fomu ni hiyo hiyo moja, mama."

Bi Siwatu alilitazama lile dole, limekaa upande kidogo, kama alivyolibandika yeye. Akainuka, akaondoka.

Zuhura, binti wa marehemu, alikuwa akimsubiri kibarazani. Bi Siwatu akamweleza yote, hakuficha. Zuhura hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba hakutaka kwenda. Alikwenda kwa ajili yako." Tangu siku hiyo hakumwamkia tena.

Mwaka uliofuata wakaja wengine na makaratasi yao, safari hii kuuliza habari za soko. Jirani wakamwendea Bi Siwatu awakusanyie watu kama zamani. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Wamesema wanataka maoni yetu, Bi Siwatu."

"Nendeni mkipenda," akawaambia. "Mimi mlango wa mtu sibishi tena. Kuulizwa si kusikizwa."

Akafunga. Alikufa miaka sita baadaye, na kikao chochote hakukanyaga. Ukuta haujabomolewa; masika tunachota maji majumbani kwa ndoo, na watoto wanabembea upande wa pili.

Basi mkimsikia mtu anaitamka, msicheke. Mwenyewe aliilipia, na Mzee Chande aliilipia zaidi. Kuulizwa si kusikizwa.